Mdogo Wangu Anazidi Kuwa Mzito Mgongoni

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni msichana wa miaka 15, niko darasa la mwisho la shule ya msingi. Nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 10, ana mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa na hupishana kama mkasi, mkono wa kulia haumtii, na maneno yanamtoka polepole, kiasi kwamba mtu asiyemzoea hamwelewi. Lakini akili anayo. Msimulie hadithi leo, uirudie mwezi ujao uruke kipande, atakukatiza.

Shule alianza miaka mitatu iliyopita, na wala hakuna aliyekaa akaamua aende. Siku moja mama alikwenda shambani, hapakuwa na wa kumwachia, nikamfunga mgongoni nikaenda naye. Mwalimu wa darasa la kwanza akasema, basi, akae. Tangu siku hiyo namwendesha na kumrudisha mgongoni, kila safari kama nusu saa, na njiani kuna kijito tunachovuka kwa kukanyaga mawe. Mvua kubwa ikinyesha hatuendi. Mwaka wa kwanza alikuwa mwepesi, nilikuwa hata nakimbia naye. Siku hizi nikifika kwenye mawe namshusha, napumzika, ndipo navuka. Mwezi uliopita niliteleza tukaanguka wote majini. Yeye alicheka, mimi nikalia. Mgongo unaniuma tangu siku ile.

Darasani anakaa kona ya mlangoni. Kwenye dawati anateleza, kwa hiyo huwa chini, ameegemea ukuta. Mwalimu wake si mtu mbaya, hajawahi kumgombeza. Ila hamuulizi swali. Mtihani wa muhula alipewa karatasi kama wenzake, na ikakusanywa hajamaliza kuandika jina lake. Akapewa sifuri, na kwenye ripoti pakaandikwa "Ajitahidi".

Jambo lingine ni choo. Choo cha shule ni cha kuchuchumaa, naye hawezi. Nilikuwa natoka darasani kwangu kwenda kumshikilia. Mwaka huu, kwa vile tuna mtihani wa mwisho, mwalimu wangu hapendi nitoke toke. Juzi ndipo nikagundua kwamba mdogo wangu hanywi maji tangu anapoamka hadi tunaporudi nyumbani. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Nikinywa, utaitwa."

Mwisho wa mwaka namaliza. Nikifaulu, sekondari ni ya bweni na iko mbali. Mama anasema mdogo wangu naye atapumzika nyumbani, amesoma vya kutosha. Baba ameambiwa na mwalimu mkuu kwamba mjini kuna shule maalumu ya bweni, na yeye anaona tatizo limekwisha. Mdogo wangu akisikia neno bweni anajifanya amelala.

Nimefikiria kufeli makusudi ili nirudie darasa, nimbebe mwaka mmoja zaidi. Sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Nitakuwa nimekosea?

Juzi usiku aliniuliza, "Ukienda, nitakuwa mzigo wa nani?" Sikuwa na jibu.

Dada Mtu

*

Marahaba, mwanangu.

Usifeli. Nalitanguliza hilo kwa sababu barua yako niliisoma usiku, na ni hilo lililoninyima usingizi. Ukirudia darasa utapata mwaka mmoja. Katika mwaka huo naye ataongezeka kilo, na mawe ya kijito yatakuwa palepale. Mwakani ungeniandikia barua hii hii, mgongo ukiwa umeharibika zaidi. Uliyoifanya miaka mitatu ni kazi ya watu wazima kama watano hivi, na kwa vile uliifanya vizuri, hakuna aliyeona kwamba ipo. Sasa ni zamu yao kuiona.

Lakini kabla ya sekondari na bweni na kijito, kuna maji. Huyo mtoto amejifunza hesabu moja shuleni ambayo hakufundishwa na yeyote: kikombe kimoja cha maji ni sawa na dada mmoja kutolewa darasani. Mwambie mama leo, usingoje kesho kutwa. Watoto wenye mtindio wa ubongo hufunga choo kwa urahisi, na kukaa na kiu kutwa nzima kunazidisha hali hiyo. Tena mkojo unaokaa muda mrefu bila maji mapya huleta maambukizi. Akianza kulalamika maumivu anapokojoa, au homa isiyoeleweka, apelekwe zahanati.

Choo chenyewe si mradi wa mamilioni. Fundi seremala anatengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa tundu katikati, kinawekwa juu ya shimo, na kila upande unasimikwa mti imara wa kushikilia. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi, ili siku akipata kiti cha magurudumu kipite. Kama mlangoni kuna kipandio, kiondolewe au kiwekewe mteremko, na hapo kipimo ni hiki: kila sentimita 10 za kwenda juu zinahitaji sentimita 120 za urefu. Mteremko mfupi kuliko huo humrudisha mtu nyuma au humwangusha. Nimeona shule zimejenga mteremko mzuri wa saruji ambao hata mbuzi anaupanda kwa shida.

Kisha anahitajika mtu wa kumsaidia pale chooni. Hapa naomba wazazi wako wawe wakali. Awe mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekubaliwa na wazazi na mwalimu mkuu, na mwingine wa akiba asipokuwepo. Asiwe mtoto mwenzake, wala yeyote anayepita. Na mdogo wako awe na ruhusa ya kusema "huyu simtaki" bila kulazimika kutoa sababu. Mtoto anayeguswa kila siku na watu wa kumsaidia ni rahisi kuumizwa, na maneno yake yakichelewa kutoka, wengi hawangoji kuyasikia.

Nije kwenye kubebwa. Umefanya jambo jema kuliko unavyojua. Mtoto ambaye miguu yake inapishana kama mkasi, kumbeba mgongoni miguu ikiwa imepanuliwa kunazinyoosha nyonga zake, na wataalamu wa mazoezi ya viungo wanawashauri wazazi wafanye hivyo hivyo. Ila hiyo ni kwa mtoto mdogo. Wa miaka 10 ameshakuwa mzigo wa hatari, kwake na kwako. Kuanzia sasa usivuke naye mawe peke yako. Hata muhula huu uliobaki, baba au kaka au jirani awe pale kijitoni asubuhi na jioni. Ni dakika kumi za mtu mzima.

Njia ya kudumu ina vipande viwili. Cha kwanza ni kijito, na hicho ni cha kijiji kizima, kwa sababu nina hakika kuna vikongwe na wajawazito wanaokanyaga mawe hayo hayo. Baba akisimama mkutanoni kuomba daraja la miti kwa ajili ya mwanawe, ataonewa huruma. Akisimama kuomba daraja la kijiji, atapewa siku ya kazi. Aseme hilo la pili. Kipande cha pili ni chombo cha kumbeba. Baiskeli yenye kiti cha nyuma kilichofungwa vizuri, chenye egemeo, mkanda wa kifuani na kinga ya miguu ili isiingie kwenye spoku, inatosha kwa kuanzia. Mkokoteni mdogo nao unafaa, kama njia inauruhusu.

Kiti cha magurudumu kikija, msikipokee kwa pupa. Viti vingi vya msaada ni vile vya hospitali, vyenye magurudumu madogo ya mbele, vilivyotengenezwa kwa sakafu laini na mgonjwa mtu mzima. Kwenye njia ya shamba magurudumu yale huzama, na mtoto aliyekaa kwenye kiti kipana hupinda uti wa mgongo akitafuta pa kuegemea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti hivi kwa maeneo yenye uhaba, na madai yake ni ya kawaida kabisa: kiti kimtoshe aliyekaa, kifae mahali anapoishi, kiwe imara, na kiweze kutengenezwa kikiharibika. Basi waulizeni wanaokitoa: nani atampima mtoto? Tairi likipasuka tunakwenda wapi? Wasipokuwa na jibu, mna haki ya kusubiri kingine. Kwenye njia mbovu, chenye magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali na ya nyuma, huenda vizuri zaidi.

Sasa darasani, na hapa niruhusu nijitolee mfano mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mtoto kama mdogo wako. Nilimweka mbele, nikamwekea mto, nikajiona mwalimu mwenye moyo. Kila nilipomuuliza swali alianza kukunja uso kutafuta neno, nami kwa kumhurumia nikamjibia. Siku moja binti aliyekaa nyuma yake akaniambia, "Mwalimu, hukumsubiri." Nikasubiri. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika kumi na nane kabla jibu halijatoka, na jibu lilikuwa sahihi. Muhula mzima nilikuwa namwibia majibu yake.

Mwalimu wa mdogo wako nadhani ni kama mimi wa zamani. Hamchukii. Anaogopa kumwaibisha, na pengine ana watoto wengi kuliko madawati. Kwa hiyo msimwendee na lawama, mwendeeni na kiti. Mtoto wa namna hii akikaa chini ameegemea ukuta, nguvu yake yote inakwisha katika kazi ya kutoanguka, na ya kuandika haibaki. Anahitaji kukaa nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikiwa vimekunjwa pembe ya mraba, nyayo zikiwa juu ya kitu na si kuning'inia, na kitu kinene kati ya mapaja kinachozuia miguu isipishane. Kiti hicho kinaweza kutengenezwa kwa mbao, au hata kwa maboksi yaliyogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga na kuachwa yakauke mpaka yawe magumu kama ubao. Meza yake iwe na ukingo ili penseli isidondoke kila mara. Penseli izungushiwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli mpaka iwe nene ya kushikika, karatasi ibanwe isitembee, na atumie mkono wa kushoto kama ndio unaomtii. Nimeshangaa hukuniambia kama kuna mtu aliyewahi kumpa penseli mkono wa kushoto.

Na ambayo hawezi kuyaandika, ayaseme. Ambayo hawezi kuyasema, ayaonyeshe kwa kidole au kwa macho kwenye ubao wenye herufi, tarakimu na picha chache. Ile sifuri haikupima anachokijua, ilipima kasi ya mkono wake. Mwalimu anaweza kumpa mtihani wa muhula kwa mdomo, wakiwa wawili, bila kuomba kibali cha mtu. Mitihani ya taifa ndiyo yenye utaratibu: bodi nyingi za mitihani hutoa muda wa ziada au mwandishi, lakini maombi hupelekwa na mwalimu mkuu mapema, pamoja na karatasi ya daktari. Afadhali karatasi hiyo ianze kutafutwa sasa, yeye akiwa bado madarasa ya chini.

Baba akitaka kitu cha kuweka mezani mbele ya mwalimu mkuu, kipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 13, 2006, na nchi zaidi ya 180 zimejifunga nao. Ibara ya 24 inasema mtoto asiondolewe kwenye elimu ya wote kwa sababu ya ulemavu wake, na afanyiwe marekebisho anayoyahitaji. Mwaka 2016 kamati inayousimamia mkataba huo ilifafanua kwamba kumweka mtoto darasani bila kubadilisha chochote hakuitwi kumjumuisha. Ile kona ya mlangoni, kwa maneno mengine. Lakini mkataba uwe mfukoni kwanza. Mwalimu mkuu aliyeombwa hukumbuka kuliko aliyetishwa.

Shule maalumu ya bweni siipingi moja kwa moja. Angekuwa mtoto kiziwi ningefikiri mara mbili, maana lugha ya alama inahitaji watu wa kuongea nayo, na kijijini anaweza kukua bila lugha yoyote. Wapo pia watoto ambao uangalizi wao unazidi uwezo wa shule ya karibu. Mdogo wako, kwa ulivyomweleza, amekosa kiti, choo, njia na mwalimu anayesubiri. Hakuna hata kimoja hapo kinachomlazimu aache mama yake akiwa na miaka 10. Baba akiendelea kuitaka, aende kwanza yeye mwenyewe, siku ambayo hakutangaza. Aulize usiku watoto wanaogeshwa na nani, na mlezi mmoja ana watoto wangapi. Atazame kama wanakaa vizuri au wamelazwa tu. Aangalie kama wanasoma, au wanatunzwa tu mpaka likizo. Na amchukue mdogo wako waende wote, aone kwa macho yake, halafu aulizwe. Kujifanya amelala ni jibu, ila si jibu pekee alilonalo.

Mama yako usimkasirikie. "Amesoma vya kutosha" mara nyingi ni namna ya mzazi ya kusema "nimechoka, na sitaki niahidiwe tena". Huenda aliwahi kuambiwa mtoto atapona. Hatapona, na ni vizuri familia ikalisema hilo kwa sauti: ubongo uliumia ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na jeraha lile halifutiki. Haliambukizi, na wala haliongezeki. Kinachoweza kuongezeka ni ugumu wa viungo vikiachwa bila mazoezi na bila kukaa sawasawa, na kinachoweza kuongezeka vilevile ni anayoyaweza. Mtoto akilala nyumbani miaka miwili, ugumu ndio utakaoongezeka.

Kitakachomsaidia mama ni kukutana na mama mwingine. UNICEF mwaka 2021 ilikadiria kwamba watoto wenye ulemavu duniani ni karibu milioni 240, yaani takribani mmoja kati ya kumi, kuanzia wenye ulemavu mdogo hadi mkubwa. Kijiji chenye watoto mia mbili hakielekei kuwa na mdogo wako peke yake. Wengine wako ndani. Mhudumu wa afya wa kijiji anazijua nyumba hizo, na anajua pia kama kuna huduma za utengamao katika jamii zinazofika kwenu, utaratibu ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani baada ya mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, ambapo mzazi na jirani hufundishwa mazoezi badala ya kungoja safari ya mjini. Wazazi wanne wakienda pamoja kwa mwalimu mkuu, suala la choo halitakuwa tena "yule mtoto wa fulani".

Mambo yote haya si yako wewe kuyafanya. Wewe kazi yako ni mbili. Ya kwanza, mpe baba barua hii aisome, yako na yangu, pamoja na pale uliposema unataka kufeli. Kama unaona vigumu kumkabidhi, iache mahali atakapoiona. Kisha fungua daftari zako usome.

Ya pili ni lile swali lake. Umenieleza mama anataka nini, baba anataka nini, na mwalimu mkuu. Yeye anataka nini, hukuniandikia. Pengine hajaulizwa. Leo jioni kaa naye, umwulize mwaka ujao anataka afike shule na nani, akae na nani, na nani amshikilie chooni. Huenda kuna mtu kwenye kona ile ya mlangoni ambaye wewe humjui, anayemwazima kifutio. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu mpaka kumi na nane.